Njia ya zege ya kuingizia Fuso, boza na semi nyumbani: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya maswali nimeyaweka sehemu moja kwa sababu nimechoka kuyajibu upya kila mtu akipita getini kwangu akaona njia. Mi sio injinia. Nina Fuso mbili na boza la maji, zote zinalala nyumbani, Goba, na nimemwaga zege mara mbili pale pale, ya kwanza ilikufa kabla mwaka haujaisha, ya pili injinia alinipigia mahesabu na iko mwaka wa sita sasa, boza linapita limejaa kila siku. Kama gari lako ni IST au Noah usijitese na haya maelezo, wewe sentimita 10 mpaka 12 za zege zuri juu ya ardhi iliyoshindiliwa zinakutosha, kalale.

Ile ya kwanza ilikufaje?

Watu wote wanaanza na hili. Fundi alileta kifusi tripu nne asubuhi, vibarua wakasambaza kwa koleo, wakapigapiga na kigogo cha mkono, saa saba mchana tunamwaga zege la sentimita 10 juu yake, wavu wa nondo nyembamba, BRC, umelala chini kabisa kwenye kifusi na watu wanaukanyaga. Kwa macho ilipendeza, majirani wakasifia. Masika ilipoingia maji yakapenya pembeni yakaenda chini, kifusi kikalala, zege likabaki limening'inia kama mkeka juu ya shimo. Siku boza limepita limejaa, kona ya getini ikakatika kipande kikubwa kama meza ya kulia chakula. Nilimlaumu fundi kwamba ameiba simenti. Baadaye nikaja kuelewa kwamba hata angeweka simenti mara mbili ingekatika tu. Zege halibebi gari, anayebeba gari ni ardhi, kazi ya zege ni kuchukua uzito wa tairi na kuusambaza ili ardhi isizidiwe. Shika hilo, maana karibu majibu yote huku chini yanatokea hapo.

Unene uwe kiasi gani?

Canter inayoingia na kutoka, sentimita 15. Fuso ya tani kumi, tipa, boza, sentimita 20. Semi inayolala imejaa mzigo usikisie, mlipe injinia aje aone udongo, wengi wanaishia 20 mpaka 25 lakini inategemea chini kuna nini.

Watu wanaona sentimita tano ni kitu kidogo. Nguvu ya zege kupinga kupinda inaenda kwa unene mara unene, yani 15 mara 15 ni 225, 20 mara 20 ni 400. Umeongeza zege theluthi moja tu, ila nguvu imepanda karibu asilimia 78. Hakuna hela nyingine utakayotumia kwenye hii kazi ikakurudishia hivyo, ndio maana nikisikia mtu anabana unene ili abaki na hela ya nondo nene huwa nasikitika kidogo.

Halafu kingo. Zege linakatikia pembeni na kwenye kona kwanza, kwa sababu pale tairi likikanyaga hakuna zege upande wa pili la kusaidia. Chimba kingo ziende chini mpaka sentimita 30, upana kama sentimita 40 hivi, hasa pale getini na pale gari linapokatia kona.

Fundi kaniambia ni inchi nane, nitahakikishaje?

Kabla hawajamwaga, sio baada. Mbao za pembeni zinaweza kuwa inchi nane kweli lakini kifusi katikati kimeinuka kama mgongo wa kobe, ukija kupima pembeni unaona 20, katikati zege lina 13. Vuta kamba kutoka mbao mpaka mbao, pita na futi, shusha mpaka chini kila mita moja. Mi nilifanya hivyo mwenyewe, fundi akanuna, tukatoa karai kama thelathini za kifusi.

Gari langu lina uzito gani hasa?

Boza ni rahisi, lita moja ya maji ni kilo moja, kwahiyo boza la lita 10,000 ni tani 10 za maji peke yake, gari lenyewe bado. Ila kinachoua njia ni ekseli, sio jumla ya gari. Kwenye mizani za barabarani hapa Afrika Mashariki ekseli moja yenye matairi manne mwisho tani 10, ya usukani mwisho tani 8, ekseli mbili za pamoja tani 18, tatu za pamoja tani 24, na gari zima mwisho tani 56. Kwahiyo piga hesabu ya njia yako kwa ekseli ya tani 10 hata kama unasema huwa hujazi, maana tipa la mchanga litakuja siku moja na halikuulizi.

Na usijilinganishe na jirani mwenye gari ndogo. Wamarekani walifanya jaribio kubwa kule Ottawa, Illinois, kuanzia 1958 mpaka 1960, malori yanazunguka kwenye barabara za majaribio usiku na mchana, kanuni iliyotoka pale ni kwamba uharibifu unapanda karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ukiilinganisha na ya tani moja, haiharibu mara kumi, ni kama mara elfu kumi. Kile kigari chake kipite miaka yote, wewe umepita wiki moja mmelingana.

Chini panawekwa nini?

Hapa ndio pesa iende. Kwanza toa udongo wote wa juu wenye mizizi na takataka, hata kama ni sentimita 30, usifukie juu ya majani. Shindilia ardhi yenyewe kabla hujaleta chochote. Ndio ulete moramu, ule udongo wa changarawe, umwage kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka linyunyiziwe maji kidogo na lipigwe na kompakta ya injini au rola ndogo ya kukodi, kile kigogo cha mkono kiache kwenye kazi ya sakafu ya chumba. Maji yasizidi, chukua ngumini ufinyange, ikishikana bila kulowesha kiganja iko sawa, ikimeng'enyeka ongeza maji, ikitoa maji subiri ikauke. Kompakta ya kusukuma usiipe tabaka la sentimita 30 kwa mara moja, juu patakuwa pagumu chini pamelegea, na hutaona mpaka masika.

Ukimaliza, jaribu. Kokoto si lazima ziletwe? Basi tipa la kokoto ndio mtihani wenyewe, lipite limejaa, polepole, wewe tembea nyuma yake unaangalia matairi. Panapobonyea au panapocheza kama godoro chimba pale pale utoe ule udongo laini, jaza upya. Kwangu palibonyea sehemu mbili, moja ilikuwa shimo la zamani la takataka ambalo hata mama mwenye nyumba alikuwa amelisahau.

Juu ya moramu tandika nailoni nene, inazuia udongo usinywe maji ya zege na inasaidia zege liteleze kidogo linaposinyaa. Kama hutandiki nailoni basi lowesha chini kabla ya kumwaga, ila pasiwe na madimbwi.

Kwetu ni udongo mweusi wa mbuga, inawezekana?

Inawezekana ila itakuuma. Ule udongo wa Shinyanga, au ule mweusi wa Nairobi sehemu nyingi, ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa mpaka unapasuka, sasa zege juu yake linanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Unachimbwa unatolewa, unajazwa moramu badala yake, na maji ya mvua yanapelekwa mbali na kingo. Kina gani cha kuchimba, hapo ni injinia, mi sitakudanganya kwa namba.

Nondo au BRC?

Vyovyote, mradi ujue unanunua nini. Nondo kwenye zege lililolala chini haizuii ufa, inaushika ufa ubaki mwembamba kama unywele usije ukafunguka. Kwa hiyo inakaa juu, sio chini: theluthi ya juu ya zege, sentimita tano kutoka juu. Inakalishwa kwenye spesa au viti vya nondo kabla ya kumwaga. Ile ya kulaza wavu chini halafu kibarua anauvuta na ndoano zege likishamwagwa, akigeuka tu mwenzake anaukanyaga unarudi chini. Hiyo sio nondo, ni sadaka kwa ardhi.

BRC zinaitwa kwa namba. A142 ina waya wa milimita 6, A193 milimita 7, A252 milimita 8, zote kila sentimita 20. Kwa Fuso mi niliweka A252. Ukipenda nondo, milimita 10 kila sentimita 20 pande zote mbili. Na ukienda dukani nenda na mzani, sitanii, nondo ya milimita 10 yenye mita 12 inatakiwa iwe kama kilo 7.4, ya milimita 12 kama kilo 10.7. Zipo nyembamba na fupi zinauzwa kwa jina lile lile.

Resho gani?

Moja kwa moja na nusu kwa tatu, yani simenti moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Simenti 42.5, sio 32.5, hiyo namba ya mfukoni ni daraja la nguvu, ile 32.5 iache kwenye ripu na kujengea. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwahiyo kwa ndoo za lita 20 mfuko mmoja unaenda na ndoo mbili na nusu za mchanga na ndoo tano za kokoto za robo tatu inchi, ndoo zimesawazishwa juu, sio za mlima. Usipime kwa koleo, koleo la saa mbili asubuhi na koleo la saa nane mchana sio moja.

Maji ndio vita. Mfuko mmoja mwisho lita 25, na kama mchanga umelowa ni pungufu ya hapo. Vibarua wanataka zege liwe uji kwa sababu uji unajisambaza wenyewe, wanakuambia bosi hili gumu halimwagiki, unaona huruma unaruhusu ndoo moja, hapo umeua. Maji yaliyozidi yanatoka baadaye kama mvuke yanaacha vitundu, juu panakuwa vumbi na ndani panakuwa dhaifu. Kodi vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege, zege gumu litalala vizuri tu.

Kisima chetu kina chumvi kidogo, tukorogee?

Hapana. Chumvi inakula nondo. Nunua boza la maji yasiyo na chumvi, na mchanga wa baharini pia hapana.

Nipigie basi hesabu ya njia ya mita 20 kwa 4.

20 mara 4 mara 0.2 ni kyubiki 16, yani mita za ujazo, ambayo ni kama tani 38 za zege. Kwa resho hiyo kyubiki moja inakula kama mifuko 8, kwahiyo 128, agiza 140 maana kuna kumwagika na kuna kingo nene. Mchanga kyubiki 8, kokoto kyubiki 15. Moramu inategemea umechimba kiasi gani, ila kumbuka ikishindiliwa inapungua, usiagize kamili kamili.

Mikisa au zege la kiwandani?

Mikisa ya mfuko mmoja inatoa kama robo ya nusu ya kyubiki kila mkorogo. Kyubiki 16 ni mikorogo 128, hata kila mmoja ukichukua dakika tano tu ni zaidi ya masaa kumi bila mtu kunywa chai. Kwahiyo na mikisa gawa kazi, mi nilimwaga vipande, nitaeleza kwenye jointi.

La kiwandani lina uhakika zaidi wa resho, ila fikiria mambo mawili. Foleni: zege likishaanza kuzunguka na maji muda unahesabika, kwa joto la Dar lisizidi saa moja na nusu mpaka limwagwe, na dereva akikwama njiani atataka kuongeza maji. Na uzito: gari lenye kyubiki 6 limebeba zaidi ya tani 14 za zege peke yake, sasa linapita wapi kufika kwako? Juu ya moramu yako uliyoisawazisha jana, au juu ya karo la choo.

Enhe, kuhusu karo. Naweza kupitisha njia juu yake?

Usifanye. Mfuniko wa karo la nyumbani haujajengwa kwa ekseli ya tani 10, na gari likiingia mle hilo sio tatizo la njia tena, ni la kuita kreni, na kama kuna mtoto anacheza pale ni msiba. Soma ramani ya nyumba, uliza fundi aliyejenga, kama hayupo chimba utafute, karo, chemba, shimo la maji taka, vyote vijulikane viko wapi. Njia ikwepe. Ikishindikana kabisa karo linahamishwa, au injinia achore slabu mpya inayosimama kwenye kuta zake yenyewe, sio kuongeza zege juu ya mfuniko wa zamani.

Bomba la maji likipita chini ya njia livishwe bomba kubwa zaidi kama soksi, siku likipasuka unalivuta unapitisha jipya bila kupasua zege. Pitisha na mabomba mawili matupu ya ziada kwa ajili ya umeme wa geti na taa. Ni hela ndogo sana leo, mi sikuweka, na taa za geti langu mpaka leo zinapata umeme kwa waya uliopita juu ya ukuta.

Jointi ni lazima?

Zege litapasuka, swali ni wewe uchague pa kupasukia au lichague lenyewe. Kwa sentimita 20 weka vipande visivyozidi mita 4 hadi 5, na viwe karibu na mraba, vipande virefu vyembamba vinakatika katikati. Njia ya mita 20 kwa 4 ni vipande vitano vya mita 4 kwa 4. Mi nilimwaga cha kwanza, cha tatu na cha tano, kila kimoja ni kama mifuko 26, siku chache baadaye cha pili na cha nne. Nilipata jointi bila kukata na vibarua walipumua.

Kati ya kipande na kipande kwa gari zito weka vipande vya nondo laini isiyo na mistari, milimita 25, urefu sentimita 45, kila sentimita 30, katikati ya unene. Nusu imeingia kipande hiki, nusu nyingine imepakwa grisi inaingia kipande cha pili, hivyo vinaweza kusogea kwa joto lakini kimoja hakiwezi kushuka peke yake. Bila hizo, boza linapopita unasikia tuk, tuk, na baada ya mwaka kipande kimoja kiko chini ya mwenzake.

Ukimwaga yote mara moja basi kata kwa grainda au mashine ya kukatia, kina robo ya unene, yani sentimita 5, siku hiyo hiyo, mara tu zege likishakuwa gumu kiasi cha kutong'oka kokoto. Ukisema utakata kesho, kesho utakuta limeshajikata.

Upana na geti?

Lori lina upana wa mita mbili na nusu bila vioo. Njia mita 4, geti mita 5 kama mtaa wenu ni mwembamba, maana gari haliingii limenyooka, linaingia linakata kona. Chora kwa chokaa chini, mwambie dereva wako aingie na kutoka mara tatu, fuata alama za matairi ya nyuma. Kwenye kona hakuna aliyewahi kujuta kwa kuweka zege pana.

Maji yaelekee wapi?

Sentimita 2 kwa kila mita moja, yakimbie mbali na nyumba na yasituame pembeni ya njia. Umesoma kilichonikuta, maji pembeni ndio yaliyoniua.

Nisimwage yote, niweke mistari miwili ya matairi tu?

Kwa gari ndogo sawa. Kwa lori umeongeza kingo mara mbili, na kingo ndio udhaifu. Na dereva akichoka usiku hafuati mstari.

Kwanini sio pevingi?

Swali zuri, na mahali pengine pevingi ndio jibu. Kama kifusi ni kirefu na bado kitalala, au kuna mabomba mengi chini, pevingi za milimita 80 zinang'olewa zinarudishwa, zege halirudishwi. Zile za milimita 60 ni za gari ndogo, muuzaji atakuambia zinabeba chochote. Ila chini yake pawe pameshindiliwa vile vile, hakuna njia ya kukwepa kompakta.

Nina zege la zamani la sentimita 10 limepasuka, niongeze tano juu?

Tabaka jembamba juu ya zege lililopasuka litapasuka pale pale. Vunja, lile lililovunjwa lipondwe liende chini pamoja na moramu.

Nipige sakafu laini ing'ae?

Mvua ya kwanza boza litateleza, na wewe pia. Nyoosha kwa rula ya alumini, piga mwiko wa mbao, halafu buruta fagio gumu kwa kukatiza njia.

Kibali?

Ndani ya fensi ni kwako. Kuanzia getini kwenda barabarani ni hifadhi ya barabara, mitaa mingi iko chini ya TARURA, barabara kuu na za mikoa ni TANROADS, nenda kaulize kabla hujafukia mtaro wao. Mtaro unavukwa kwa kalvati, ukiufukia maji yanahamia kwa jirani na jirani anahamia serikali za mtaa.

Imwagwe mwezi gani, na imwagiliwe siku ngapi?

Juni mpaka Septemba hapa Dar ndio raha, hakuna masika wala joto kali. Anzeni alfajiri, jua la saa sita na upepo vinakausha juu kabla chini, zinatokea nyufa ndogondogo hata kabla hamjakusanya vifaa. Likishashika kiasi cha kutoacha alama ya kidole funika na magunia, lowesha, na yabaki mabichi siku 7 bila kukosa, 14 ni bora. Kumwagia asubuhi na jioni wakati mchana linaungua sio kumwagilia, ni kulichokoza.

Gari lini?

Gari ndogo siku ya 7. Fuso na boza siku 28, tafuta pa kuzilaza mwezi mzima na uweke hiyo gharama kwenye bajeti mapema. Wenye tela, miguu yake msiishushe moja kwa moja kwenye zege hata likiwa la zamani, weka ubao mnene chini, na jeki hivyo hivyo.

Kingine, zege likiwa bado bichi chukua msumari uandike tarehe kwenye kona ya kila kipande. Siku ya tisa dereva wako atakuja saa nne usiku boza limejaa, atakuambia mkubwa mbona hili limeshakuwa jiwe, we mwangazie tochi pale kwenye kona, halafu funga geti.